Siku Saidih Alipokataa Kuanguka

Fataki zilikuwa zingali zinalia uchochoroni Saidih alipovua kandambili na kusimama katikati ya lango, peku, mkanda wa kijani umembana kiuno.

"Rudini mlikotoka," alisema. "Hapa hapana harusi."

Watu walicheka. Ndivyo asemavyo kila mlinzi wa lango la bi harusi kwetu Wabetawi, Jakarta nzima. Hujibizana beti na shujaa wa bwana harusi, hupigana naye, kisha huanguka. Asipoanguka, mgeni hapiti. Kwa hiyo huanguka.

Na Saidih alijua kuanguka. Kila harusi alitanguliza bega, akapiga ardhi kwa kiganja ili kishindo kisikike mbali, na wanawake madirishani wakaguna kwa huruma. Siku nyingine aliuza ukoko wa yai kando ya barabara: mchele na yai la bata kikaangoni, kisha kikaango hupinduliwa, uso juu ya makaa. Ukoko uliopikwa vizuri haudondoki. "Huu ndio unaonilisha," alizoea kuwatania wateja. "Huu haudondoki, mimi nadondoka."

Leo bi harusi alikuwa Munaroh, mtoto wa marehemu mdogo wake. Majirani walimkataza. Walii, mwenye kumwoza bi harusi, hakai langoni, walimwambia. Walii hukaa ndani na imamu, amngojee bwana harusi ampe mkono. Saidih alijibu kwamba atafanya yote mawili.

Mbele yake alisimama Jaelani, shujaa wa wageni, kijana aliyefundishwa ngumi na Saidih mwenyewe. Nyuma ya Jaelani walikuwa wapiga matari, na nyuma yao wanaume wawili wamebeba mamba wa mkate, zawadi ya bi harusi, dume na jike, kila mmoja urefu wa mtoto. Kisha bwana harusi, Fikri, anatoka jasho. Kisha baba yake, Haji Naimin, katika viatu vinavyong'aa.

Jaelani alianza:

"Ndizi zimeiva tele,
kapu limefika shingo;
usikae hapo mbele,
tufungulie malango."

Saidih hakusubiri hata matari yatulie:

"Bata yumo kisimani,
anatafuta kambare;
wewe na hao wageni
mmekuja kula bure."

Kicheko kikapanda hadi kwenye mabati. "Umepatikana, Jaelani," mtu alisema. "Mdomo wa Bang Saidih, kaka yetu, ni wembe." Haji Naimin naye alitabasamu, akatazama saa.

Ubeti wa mwisho ulijulikana. Mlinzi huomba kuuona ujasiri wa mgeni, kisha vita. Lakini Saidih aliinua uso, akautazama mnara wa ghorofa uliosimama nyuma ya mabati, palipokuwa na bustani ya baba yake.

"Mti wetu umekatwa,
shina halina kivuli;
mifupa iliyokutwa
imelazwa wapi, kweli?"

Tari moja lilipigwa kwa makosa, likanyamaza.

Hapakuwa na mtu pale asiyejua. Chini ya mti huo, mkecapi, walizikwa baba yake Saidih, mama yake, na Rojali, baba wa Munaroh. Haji Naimin ndiye aliyekuwa dalali wa viwanja. Asubuhi moja familia iliamka ikakuta mashimo. Leo pale ni maegesho ya magari ya mnara huo, na mifupa hakuna aliyeambiwa iko wapi.

"Bang," Jaelani alinong'ona, "huo hatukuufanyia mazoezi."

"Basi pigana."

Jaelani akaja na teke lile lile alilofundishwa, la kumpa mwalimu nafasi ya kuanguka. Saidih alilidaka, akalizungusha, akamlaza chini. Kijana alianguka vibaya, kwa mgongo, kama mtu ambaye hakuwahi kufikiri kwamba ataanguka.

"Mzee, acha upuuzi," alisema Haji Naimin. "Umeletwa hapa uanguke. Anguka, watu wana njaa."

"Njaa unayo wewe. Hata makaburi ulikula."

"Nitamrudisha mwanangu nyumbani."

"Mrudishe."

Fikri alimtazama baba yake, kisha dirisha. Nyuma ya pazia sauti ya Munaroh ilisikika, ingawa bi harusi hatakiwi kusikika kabla ya ndoa.

"Baba Mkubwa, uliniambia umemkubali."

"Nimemkubali," Saidih alisema bila kugeuka. "Fikri, pita, mwanangu. Kosa si lako."

Akasogea upande. Fikri akapita, ameinamisha kichwa. Haji Naimin akainua mguu amfuate, na Saidih akarudi katikati ya lango, mguu mmoja nyuma, mikono wazi.

"Wewe hujanijibu."

Kutoka ndani imamu aliita, "Walii yuko wapi? Bwana harusi ameshaketi."

"Yuko langoni," mtu alimjibu. Hakuna aliyecheka.

Jua lilikuwa juu ya vichwa. Wabeba mikate walibadilishana mabega. Ndani ya karatasi ya nailoni mamba walikuwa wameanza kutoka jasho. Haji Naimin aliwatazama majirani mmoja mmoja, wale aliowauzia na wale aliowauza. Kila aliyemtazama hakuyakwepa macho yake.

"Unadhani nimesahau beti?" alisema taratibu. "Tulifundishwa na mwalimu mmoja, mimi na wewe."

"Hujasahau. Ndiyo maana nimekuuliza kwa beti."

Haji akainama. Alivua kiatu kimoja, kisha cha pili, akakanyaga vumbi kwa nyayo nyeupe zilizosahau ardhi. Katika beti zetu mistari miwili ya kwanza ni ganda tu; kokwa huja katika miwili ya mwisho. Sauti yake ilitoka ndogo, watu wakalazimika kusogea.

"Ilinyesha siku ile,
lori lilizima taa..."

Akakoma. Saidih hakushusha mikono. Uchochoro mzima ulisubiri mistari miwili ya kokwa, na mpiga tari mmoja alikuwa ameinua kiganja juu ya ngozi, hajui apige au akiteremshe.