Upande wa Pili wa Kanda

Kinasa sauti tulikiazima kwa Cyril Ormerod, mzee anayeongoza kikundi cha kujitolea kinachowasomea vipofu gazeti la mji wetu wa Accrington na kuwapelekea kanda majumbani. Kilikuwa kizito kama gunia la viazi. Kina nafasi mbili za kanda, na kinazirekodi zote mbili kwa wakati mmoja. Ndicho hasa tulichokitaka. Miaka ile ofisi ya posho za ulemavu ilikuwa hairekodi yenyewe. Ukitaka mahojiano yako yarekodiwe, unatoa taarifa mapema na unaleta chombo chako, kitoe kanda mbili zinazofanana palepale, moja wachukue wao, moja ubaki nayo. Simu hawakutaka hata kuiona.

"Unabonyeza hivi viwili pamoja," Cyril alinionyesha. "Ni vigumu kidogo, usivionee huruma. Ila usikidondoshe, bibie. Vipofu wote wa Accrington watakosa habari za mazishi."

"Kwani ndizo wanazozipenda?"

"Kwanza mazishi, halafu mpira. Mtu anataka kujua nani kamtangulia."

Binti yangu Rosalind, ambaye sote tunamwita Roz, ana baridi yabisi ya viungo tangu utotoni. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na minne na alifanya kazi nusu siku katika duka la miwani kule Blackburn. Alikwenda kwa gari lililolipiwa na sehemu ya posho yake. Usukani ulifungwa kirungu cha kushikia, kwa sababu vidole vyake havikunjiki. Bila posho ile hakuna gari, na bila gari hakuna kazi: basi linasimama chini ya kilima, sisi tunakaa juu. Kwa hiyo barua ilipofika kusema anatathminiwa upya, sikuhitaji kuelezwa tunapigania nini.

Nilitaka kurekodi kwa sababu ya Doreen, jirani yetu. Ripoti yake ilisema anapanda ngazi za nyumbani kwake bila taabu. Nyumba ya Doreen haina ngazi.

"Wakiandika uongo," nilimwambia Roz, "tutawasikilizisha sauti yao wenyewe."

"Na wakiandika ukweli?"

"Basi tutamrudishia Cyril chombo chake tukale chipsi."

Mtathmini alikuja siku ya mvua. Jina lake Janine Tattersall, msichana tu, aliyewahi kuwa muuguzi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, nikampa alama moja. Aliangalia kinasa sauti juu ya meza ya sebuleni kama mtu aliyeonyeshwa jeneza.

"Mungu wangu, bibi yangu alikuwa na kitu kama hiki."

"Kinafanya kazi," nilisema. Nikabonyeza, kanda zikaanza kuzunguka.

"Haya, Roz. Unaendeleaje leo?"

"Mzima tu, siwezi kulalamika," akasema Roz. "Wewe je? Umelowana mpaka mifupa, maskini. Utakunywa chai?"

Na akaanza kujiinua kwenye kiti.

"Kaa!" nilisema. Hata hilo limo kwenye kanda.

Huku Lancashire ndivyo tulivyo. Mtu akiulizwa hali, hata kama kabeba mguu wake kwapani, atajibu mzima. Na mgeni haulizwi shida yake kabla hajapewa chai. Nilijua hayo. Nilimwonya Roz wiki nzima: usiseme mzima, usiseme si mbaya, usiseme najitahidi. Yote matatu aliyasema kabla Janine hajageuza ukurasa wa kwanza.

"Ngazi za humu ndani unazipandaje?"

"Nashika ukingo. Taratibu tu, nafika."

"Na kutembea nje?"

"Siku nyingine vizuri, siku nyingine si sana."

"Si sana ndiyo nini?" nilisema. "Mwambie ya Blackburn! Mwambie pale dukani walivyokuletea kiti hadi mlangoni!"

"Mama."

"Mama, mama nini? Mwanamke wa watu kaja kusikia, wewe unampa salamu za Krismasi."

Janine aliinua kalamu. "Bi. Haworth, nafasi yako nitakupa. Kwanza naomba nimsikie yeye."

Nikanyamaza. Si kazi ninayoiweza. Nilikaa nikisikiliza binti yangu akijieleza kwa mgeni kama mtu anayeuza gari bovu, kila tundu kalipaka rangi. Kuvaa? Huwa navaa nguo zisizo na vifungo. Kuoga? Mama yupo. Kulala? Kama kila mtu. Kisha kinasa sauti kikalia *tak*, upande wa kwanza umekwisha.

"Tupumzike kidogo," nilisema. "Nachemsha maji. Nikirudi nitazigeuza."

Nilikwenda jikoni nikiwa nimekasirika kiasi cha kumwaga sukari. Niliandaa sinia, vikombe, biskuti za tangawizi, nikarudi. Mlango wa sebuleni ulikuwa umebaki wazi kidogo. Sauti ya Roz ilikuwa ya chini, na haikuwa ile niliyoizoea.

"... natambaa. Mama akishatoka kwenda kazini. Nasubiri nisikie mlango, halafu natambaa kwenye ngazi kama mtoto mchanga. Kushuka nakaa kitako, naburuzika. Akiwepo siwezi."

"Kwa nini akiwepo huwezi?"

"Fikiria atakavyoumia akiniona."

Nilikuwa karani wa shule. Nilitoka nyumbani saa moja na nusu kila asubuhi, na kabla ya kutoka nilipaza sauti kutoka chini, "Vipi huko juu?" Kila asubuhi nilijibiwa, "Safi." Nilisimama pale na sinia, chai ikipoa, nikiwaza ni asubuhi ngapi. Halafu nikafanya ninachofanya siku zote. Nikaingia.

"Hayo," nilisema. "Hayohayo. Nageuza kanda, unayasema tena."

Roz aligeuka mwekundu mpaka shingoni. "Ulikuwa unasikiliza."

"Nilikuwa na sinia. Yaseme tena."

"Hapana."

"Roz, kwenye hiki chombo mpaka sasa wewe ni mzima kuliko mimi!"

"Nimeshamwambia. Kasikia. Au siyo?" Alimtazama Janine.

Janine alikuwa anahangaika na kifuniko cha kalamu. "Nimesikia, na ninaweza kuandika. Lakini sitawadanganya. Ripoti yangu inasomwa na mtu mwingine, yeye ndiye anayeamua. Na mkija kubishana baadaye, kanda itakuwa na kile tu kilichomo."

"Umesikia?" nilisema. "Gari linaondoka, mwanangu. Utakwenda Blackburn kwa kutambaa?"

Lilikuwa neno baya. Lilitoka, halirudi. Mvua ilipiga dirisha na hakuna aliyegusa biskuti.

"Sawa," akasema Roz. "Nitasema. Ila wewe utoke."

"Mimi ndiye ninayeendesha chombo."

"Bonyeza, halafu utoke. Si jikoni. Nje."

"Kuna mvua."

"Chukua mwavuli, mama."

Nilimtazama Janine kama anaweza kunisaidia. Alikuwa anasoma zulia. Nikazigeuza kanda zote mbili. Roz asingeweza kubonyeza mwenyewe, vile vitufe viwili vya kurekodi vinataka vidole vyenye nguvu, kwa pamoja. Nikabonyeza, zikaanza kuzunguka, nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Uwanja wetu wa nyuma ni wa saruji, una mapipa ya taka na kamba ya nguo. Nilisimama katikati ya mapipa na mwavuli. Ningeweza kusogea dirishani. Kwa tabia yangu ningesogea. Sikusogea, na sijui hadi leo kama ilikuwa heshima au woga.

Waliponiita ndani, Janine alikuwa ameshavaa viatu. Alichukua kanda yao, akatia saini, akamwambia Roz, "Asante kwa kuniambia." Mimi aliniambia tu, "Asante kwa chai." Kanda yetu Roz aliiweka mfukoni mwa sweta.

"Nisikilize?" niliuliza.

"Hapana."

Uamuzi ulikuja mwezi uliofuata. Gari limekwenda. Nilisoma ripoti mara mbili nikitafuta uongo, kwa sababu uongo ningejua la kuufanya. Sikuupata. Janine aliandika kila neno la upande wa kwanza: Roz alisema ni mzima, alisema anafika juu taratibu, aliinuka kumkaribisha mgeni chai. Upande wa pili ukawa sentensi moja: *pia ameeleza matatizo ya mara kwa mara nyumbani.* Tukaomba waangalie upya, wakakataa. Ikabaki rufaa mbele ya jopo. Gari tuliruhusiwa kubaki nalo kwa muda, kama mtu anavyoruhusiwa kukaa na maiti.

Mshauri wa bure pale maktaba alisema jopo halitasikiliza kanda. Kanda iandikwe, neno kwa neno, iletwe kwenye karatasi.

"Hilo si tatizo," nilimwambia Roz tulipofika nyumbani. "Nina stashahada ya uhazili. Nilikuwa nachapa kwa kusikiliza kanda wewe hujazaliwa. Nipe, Jumamosi kazi imekwisha."

"Hutachapa wewe."

"Basi Cyril."

"Cyril asikie hayo? Halafu Jumapili anipe mkono kanisani?"

"Basi nani?"

"Mimi."

"Kwa vidole vipi, Roz?"

Alichukua penseli, akaishika kwa ngumi nzima, upande wa kifutio ukiwa chini. Akapanda nayo chumbani. Safari hii alipanda nikiwa nimesimama pale, akishika ukingo, na sikugeuka, wala yeye hakugeuka.

Tulikiazima tena kinasa sauti kwa Cyril, na Roz akachapa baada ya kazi, kila alasiri, herufi mojamoja kwa penseli ile. Nilikuwa chini namenya viazi na kusikia juu: *tap*. Kimya. *Tap. Tap.* Sauti ndogo ya mtu kwenye kanda, kinasa kinazimwa, *tap* tena. Mimi vidole vyangu vinachapa bila kutazama. Ningeimaliza kazi ile kabla viazi havijaiva. Nilipanda mara moja kumwomba. Alisema bila kufungua mlango, "Mama, ukiingia naacha, na gari liende."

Siku moja nilirudi mapema kutoka shuleni, Roz akiwa bado Blackburn. Kinasa sauti kilikuwa mezani kwake, kanda ikiwa ndani. Niliketi kitandani. Nilijiambia mimi ndiye mama yake, mimi ndiye niliyemwogesha, kuna kitu gani kwenye mwili ule nisichokijua? Nikairudisha kanda mwanzo wa upande wa pili. Nikabonyeza.

Ilianza kwa mvua. Kisha nyayo, kisha mlango wa nyuma ukifungwa, yaani mimi natoka. Kisha Roz akavuta pumzi, ndefu, kama mtu anayetua mzigo, na akasema, "Nianze na mikono, au nianze na mama?"

Nikazima. Nilishuka, nikawasha jiko. Sijamwambia mpaka leo.

Karatasi zilipokwisha kuchapwa alizitia kwenye bahasha, akailamba mwenyewe, nikaipeleka posta kwa gari lilelile.

Jopo lilikaa Preston mwezi wa kwanza, kwenye jengo lenye ukumbi mrefu na viti vya plastiki. Hakimu, daktari, na mwanamke mmoja kwenye kiti cha magurudumu. Karani alitoka akatuita. Nilisimama pamoja na Roz, mkoba mkononi, nguo ya kanisani mwilini.

"Mama anaingia nawe?" karani aliuliza.

"Hapana," akasema Roz. "Anasubiri."

"Roz, niko kimya. Naapa."

"Wewe? Kimya?" Alicheka kidogo, na kicheko kile nilishukuru kukipata. "Kaa, mama."

Nikakaa. Ukuta ulikuwa mwembamba lakini si mwembamba vya kutosha. Nilisikia sauti tu, si maneno.

Alipotoka, mlango ulimponyoka ukagonga ukuta. "Tumelipata," alisema. "Gari linabaki."

"Wamekuuliza nini?"

"Hawakuuliza mengi. Walikuwa wameshasoma."

Hakimu na wenzake sasa wanajua yaliyomo upande wa pili. Janine anajua. Karani pengine anajua. Nilitaka kumkumbatia, lakini alikuwa ameshatangulia.

Ukumbi ule ni mrefu na maegesho yako mbali, nyuma ya jengo. Kwa kawaida Roz husema, "Tangulia, mama, nina simu ya kupiga," nami hutangulia na kumngoja garini. Siku hiyo hakunitanguliza. Alitembea mbele yangu, kiganja ukutani. Hatua, akasimama. Goti la kulia lilikataa, akalivuta kutoka kiunoni. Kwenye ngazi tatu za kutokea nje aligeuka akashuka kinyumenyume, uso wake ukinielekea, ameuma mdomo, na hakuuficha. Watu walipita kando yetu.

Nilitembea nyuma yake na mikono yangu miwili mizima, sijui niiweke wapi. Kila kitu nilichokitaka nilikuwa nimekipata: ukweli, karatasi, gari. Na pale kwenye maegesho, mwanangu akishikilia magari ya watu wengine mojamoja kulifikia lake, nilitamani aanze tena kunidanganya.