Weupe wa Macho

Harusi ya Florence ilifanyika kijijini kwao, Hewani, Jumamosi ya kwanza ya Desemba, chini ya hema la turubai la manjano lililokodishwa mji wa Minjila. Aliyeipiga video ni dada yake mkubwa, Pauline. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa na chumba mjini Garsen, nyuma ya duka la simu, akipiga na kuhariri video za harusi, mazishi na mikutano. Chumba alikitumia pamoja na Safiya, aliyekuwa akipiga picha za pasipoti na kuchapisha kadi.

Jumanne alipoifungua video kwenye kompyuta, watu wote walikuwa wa manjano. Jua lilikuwa limepenya turubai na kumpaka kila mtu rangi yake: bibi harusi, mchungaji, hata sahani za pilau. Pauline hakushtuka. Kamera haijui nyeupe ni ipi mpaka uionyeshe, na siku ile, kwa mbio za harusi ya mdogo wake, alisahau kuionyesha. Kosa hilo hurekebishika. Alitafuta kitu alichojua kwa hakika kuwa ni cheupe, gauni la Florence, akabofya hapo, na manjano yakaondoka. Gauni likawa jeupe. Vitambaa vya meza vikawa vyeupe. Nyuso zikarudia rangi zake. Akaenda hivyo kipande kwa kipande, akilinganisha kila kimoja na cheupe kilichokuwamo, mpaka akafika kwenye hotuba ya kaka yao.

Zachary ndiye aliyewalea baada ya baba kufa. Aliacha shule akiwa kidato cha pili, akashika jembe, na mahindi ya msimu mzima yakawa kamera ya kwanza ya Pauline. Siku ya harusi alisimama na shati jeupe lililopigwa pasi, akamwambia bwana harusi, "Shemeji, huyu akilia usimuulize sababu. Mpe maji anywe kwanza." Hema zima lilicheka, na Florence akajifunika uso.

Pauline akabofya kola ya shati. Shati likawa jeupe. Macho ya Zachary yakabaki manjano.

Safiya, aliyekuwa akikata kadi pembeni, akachungulia. "Pauline, mbona shati limekubali na macho yamekataa?"

"Ni hema. Alisimama karibu na turubai."

"Na shati je? Si lilikuwa karibu na turubai hilohilo?"

Pauline aligeukia tena kompyuta. Kanuni aliijua kuliko Safiya: ukishaweka sawa kilicho cheupe, rangi inayobaki ni ya mtu mwenyewe. Lakini Florence alikuwa akipiga simu kila mara kuulizia video yake, na aliyekuwa kwenye kioo cha kompyuta ni Zachary, mtu ambaye hajawahi kumwona akilala mchana kwa ugonjwa. Akayazungushia macho yale duara dogo na kuyaondolea manjano yenyewe tu. Akaongeza wekundu kidogo mashavuni. Kazi hiyo ilimlia asubuhi nzima, kwa kuwa kila kaka yake alipogeuza kichwa, duara lilibidi limfuate. Alipomaliza alijiegemeza kwenye kiti akatabasamu. Zachary alikuwa kama kijana wa miaka ishirini na mitano.

Video ilipofika Hewani, Zachary alimpigia simu.

"Wewe Pauline! Umenirudisha ujanani!"

"Ni wewe mwenyewe, kaka. Mimi nimesafisha tu."

Alicheka, kisha pumzi ikamkatika kidogo.

"Kaka, uko sawa?"

"Nimechoka tu. Na mwili unaniwasha siku hizi, labda ni majani ya shambani."

"Basi pumzika."

"Nitapumzika, mama. Nikimaliza palizi."

Katikati ya Februari alianguka shambani, katikati ya migomba yake. Walimpeleka hospitali moja Malindi. Siku hiyo hapakuhitajika kompyuta kumwona: macho, viganja na hata nyayo vilikuwa manjano. Daktari aliwaita nje, mama yao, Pauline, na Josephine, mke wa Zachary.

"Ini limeharibika sana," alisema. "Macho yalianza kuwa hivi lini?"

Mama aliinamisha kichwa. Josephine akasema, "Mimi niliyaona Krismasi."

Pauline alijua ni kabla ya hapo. Alijua tarehe, saa na dakika, maana kamera huandika yote hayo.

"Mngemleta mapema, pengine tungekuwa na la kujaribu," daktari alisema, bila ukali wowote. Pauline angependelea awe mkali.

Zachary alifariki siku ya nane.

Wiki moja baada ya mazishi, Pauline alikwenda Hewani kumsaidia wifi yake kupanga nguo za marehemu. Watoto walikuwa shuleni. Walikaa sakafuni wakikunja suruali na mashati. Kisha Josephine akaanza, kama anayejisemea.

"Nilimwambia aende hospitali, wifi. Nilimwambia, macho yako yamebadilika. Unajua alinijibu nini? Alichukua simu akaniwekea video yako. Akasimamisha pale anapozungumza. Akasema, 'Tazama. Haya si macho yangu? Meupe kama maziwa. Tatizo ni taa yako ya sola.' Mara tatu nilimwambia, mara tatu akaniwekea video. Mwisho nikanyamaza. Nikasema labda macho mabovu ni yangu."

Shati lilimtoka Pauline mikononi.

"Wifi," alisema. "Macho hayakuwa meupe."

"Nini?"

"Yalikuwa manjano siku ile ya harusi. Niliyaona. Safiya pia aliyaona akaniuliza. Mimi ndiye niliyeyafanya meupe."

Josephine alimtazama kama mtu anayeambiwa jambo kwa lugha asiyoijua. "Kwa nini?"

"Nilitaka apendeze," Pauline alisema, na papo hapo akalia kwa sauti, huku ameukamata mkono wa wifi yake. Mkono ule haukumfukuza, wala haukumshika.

"Ile nyingine bado unayo?" Josephine akauliza baadaye. "Ile ya kweli?"

"Ninayo."

"Niletee."

Kesho yake asubuhi Pauline aliondoa lile duara. Hakugusa kingine. Gauni lilibaki jeupe, na shati vilevile. Alipanda boda mpaka Hewani, akaifungua kompyuta yake ya mkononi juu ya meza ya jikoni. Zachary akasimama na kipaza sauti mkononi, macho yake manjano kama ndizi mbivu, akamwambia bwana harusi maneno yake kuhusu maji.

Josephine aliweka kidole kwenye kioo, pale kwenye macho. "Huyu ndiye niliyemwona mimi," alisema. "Sikuwa mwongo." Akarudia tena polepole, "Sikuwa mwongo," na hapo ndipo alipolia, kilio ambacho mazishini hakukilia.

Pauline alisogea amkumbatie. Josephine akainua mkono kumzuia.

"Nenda nyumbani, Pauline. Sikuchukii. Lakini nikikuona wewe namwona yeye akinionyesha ile simu." Hakumwita wifi. "Nikiweza, nitakupigia."

"Na mama? Nimwambie?"

"Hilo ni lako."

Alimwambia mama yake jioni ileile. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba chake taratibu, na hakutoka kula.

Mvua za Aprili zilikuja, mto ukajaa, njia ya Hewani ikawa tope. Florence alikuwa akipiga simu. Mama naye alianza kupiga, mazungumzo mafupi, ya salamu na hali ya hewa. Josephine hakupiga.