Mstari wa Tisa

Barua kutoka Dar es Salaam ilikuwa na mistari tisa. Renatha alimsomea dada yake minane.

Renatha alikuwa mhudumu wa maabara hospitalini, mtu wa kupima choo cha watu, kazi isiyompa mtu maringo. Lakini mwaka uliopita watafiti wa dawa za miti walipopita Mwanza, ni yeye aliyewapeleka Mkolani kubandua gome la mti ambalo wazee wa huko hulitumia kutibu uvimbe. Sasa majibu yalikuwa yamerudi. Na dada yake Bernadetta, mwenye donge kwenye titi la kushoto na miadi ya kupasuliwa Alhamisi, alikuwa ameketi barazani kwake Kirumba akichekecha unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano.

"Maji ya gome yaliua chembe za kansa ya titi ndani ya kichupa," Renatha alisoma.

"Zote?"

"Zote, dada."

Bernadetta akacheka, mara ya kwanza tangu Pasaka. "Basi mwambie daktari wako akachinje kuku. Mimi na titi langu hatuendi."

Mstari wa tisa ulisema panya waliopewa dawa ileile hawakupona. Uvimbe uliendelea kukua. Renatha alikunja karatasi. Nitamwambia kesho, alijisemea. Kesho hiyo ilichukua miezi mitano.

Tatizo lilikuwa Ishengoma, mume wa Bernadetta. Mwanamume huyu wa Kihaya, ambaye hakuwahi kujua chumvi inakaa wapi, aliingia jikoni. Kila asubuhi alichemsha gome, macho mekundu kwa moshi. Majirani walimtania: "Mama Ishengoma, leo umepika nini?" Naye alijibu, "Uchungu. Leteni vikombe." Renatha angeanzia wapi?

Kisha donge likahamia kwapani, halafu mgongo ukaanza kuuma. Daktari alipompima safari hii hakutaja kisu tena.

Jioni hiyo Renatha alipiga magoti kando ya kitanda. "Dada, ile barua sikuisoma yote."

Akausoma mstari wa tisa. Bernadetta akamgeukia.

"Hao panya waliishi siku ngapi?"

"Haikuandikwa."

"Haikuandikwa, au umeruka tena?"

Renatha akampa karatasi. Miezi hiyo Bernadetta alikuwa akihudhuria kisomo cha watu wazima. Aliufuata mstari kwa kidole, silabi kwa silabi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika kwenye nukta, aliirudisha karatasi.

"Ungeniambia siku ile, Renatha, ningekwenda Alhamisi."

"Najua, dada."

"Ujue tu. Sina nguvu ya kukugombeza." Akafuta machozi kwa pembe ya khanga. "Ila mume wangu asijue."

"Lakini dawa haifai kitu, dada."

"Nimesoma mwenyewe. Sasa ukimwambia, asubuhi atafanya nini?"

Kulipokucha Ishengoma aliingia na kikombe, akikipuliza. Renatha, aliyekuwa amelala hapo, alimwinua Bernadetta, naye akanywa taratibu mpaka machicha.

"Leo imekolea," alisema.

Ishengoma akatabasamu, akatoka kwenda kuongeza kuni. Renatha alibaki ameshika kikombe, akiogopa kukiweka chini.