Mwanakombo Wawili, Mstari Mmoja

Mwaka 2005 katika hospitali yetu ya Mtwara kulikuwa na chumba kimoja tu chenye kiyoyozi kinachofanya kazi, na chumba hicho kilikuwa changu. Humo ilikaa seva, na ndani ya seva ilikaa kanzidata: kila mgonjwa na mstari wake, namba, jina, kijiji, mwaka wa kuzaliwa, dawa alizopewa na dawa zinazomdhuru. Mganga mkuu mwenyewe alikuwa anabisha hodi kabla ya kuingia. Nilipenda sana alivyokuwa anabisha, na nasema hili mapema ili ujue unasimuliwa na mtu wa namna gani.

Mwezi wa tano ikaja barua kutoka juu. Majina yamejirudia mno, yasafishwe kabla ya ripoti ya nusu mwaka. Bwana Fredi, mkuu wa takwimu, mtu wa Moshi aliyehamishiwa kwetu, akaiweka mezani kwangu siku ya Jumatano.

"Idrisa, nataka Ijumaa iwe imekwisha."

Barua ilisema kweli. Mgonjwa akipoteza kadi, karani humwandikisha upya, na mtu mmoja anakuwa na mistari miwili. Nikaiuliza kanzidata inionyeshe watu wenye majina matatu sawa, jinsia moja, kijiji kimoja na mwaka mmoja wa kuzaliwa. Ikanipa jozi mia mbili na kumi na mbili. Nikazichapa na kumpelekea Nuru, karani wa masjala, ambaye kabla ya kompyuta alitunza kadi za karatasi kwa miaka ishirini na kuziwekea alama ya kalamu nyekundu zile za watu wanaodhurika na dawa.

Nuru alifika ukurasa wa tatu akasimama.

"Hawa si mtu mmoja," alisema.

"Unawajua?"

"Siwajui wote. Lakini angalia, vijiji vya Kilambo hivi. Huko bibi mmoja ana wajukuu watatu wenye jina lake. Mama zao wakiachika, watoto wanalelewa na mjomba, wanaandikishwa kwa jina la mjomba. Mwaka wa kuzaliwa tunakisia sisi hapa dirishani. Sasa mimi ndiye wa kukufundisha haya, Idrisa? Kwenu wanafanyaje?"

Bwana Fredi alikuwa amekaa pale pale, anakunywa chai. Mimi nilikuwa nimemwambia kwamba kwetu ni Dar es Salaam, kwa kuwa nilisoma huko miaka miwili na nikarudi naongea kama mtu wa uhamisho. Nyumbani kwetu Kitaya, jirani na vijiji hivyo hivyo, kuna akina Farida watatu kwa bibi mmoja. Mimi mwenyewe naandika jina la mjomba wangu.

"Mambo ya vijijini mimi siyajui sana, dada Nuru," nilimjibu.

Alinitazama kidogo, akanirudishia karatasi zangu.

Nilizikagua jozi ishirini za mwanzo kwa mkono. Zote zilikuwa za Chuno na mitaa mingine ya mjini, zote kweli mtu mmoja aliyepoteza kadi. Nikajiambia ukiona ishirini umeona zote. Kitabu cha kazi kinataka nakala ya akiba kabla ya amri kubwa, nikachukua nakala kwenye tepu, kwa sababu nilikuwa mtu wa kitabu. Kisha nikatoa amri. Kanuni niliitunga mwenyewe: mstari mpya unabaki, mstari wa zamani unafutwa, na pale mpya ulipoachwa wazi panajazwa na maneno ya ule wa zamani. Iliisha kabla sijamaliza kikombe cha chai.

Kuna jambo moja sikulifikiria. Mwaka uliotangulia nilikerwa na nafasi tupu kwenye safu ya dawa zinazodhuru, nikaiagiza kompyuta iandike "hakuna" kila karani anapopita bila kujaza. Nafasi tupu ingesema hatujui. "Hakuna" ilisema tumemuuliza mgonjwa. Kwa hiyo kila mstari mpya ulikuwa umejaa tayari, na onyo la mstari wa zamani halikupata pa kuingia.

Ripoti ikaenda Ijumaa. Bwana Fredi akanipa mkono mbele ya watu.

Wiki nne baadaye, saa tatu na nusu asubuhi, Nuru alikuja mlangoni kwangu. Hakubisha.

"Njoo dirishani. Kuna mjamzito, anaitwa Mwanakombo Omari Saidi, anatoka mbele ya Kilambo. Kompyuta inasema amejifungua mwezi wa tatu. Tumbo lake liko hapa hapa mbele yangu."

Nilijua pale pale. Wanawake wawili, mstari mmoja. Nuru naye alikuwa ameshafika mbele yangu kwa mawazo.

"Mmoja wao nilimwekea kalamu nyekundu zamani," alisema. "Septrini ilimbabua ngozi, karibu afe. Fansida ni ndugu yake Septrini, zote dawa za salfa. Simkumbuki ni yupi, Idrisa. Na huyu asubuhi hii amemeza Fansida tatu mbele ya muuguzi, za kukinga malaria ya ujauzito."

"Kadi za karatasi?"

"Mlisema zinajaza nafasi. Zilichomwa."

Sisi ndio tuliosema, yaani mimi.

Mwanamke yule alikuwa kwenye benchi nje ya masjala, kilemba cha kitenge, kikapu miguuni. Muuguzi akamwambia akae asiondoke, tumchunguze. Akaitika kwa adabu, akakaa. Mimi nikakimbilia ile tepu ya nakala ya akiba. Sikuweza kuirudisha juu ya seva inayofanya kazi, ingefuta wagonjwa wa wiki nne. Nilihitaji kompyuta ya akiba, nayo ilikuwa kuukuu, na tepu ilisoma kwa kujivuta. Ilikwama mara mbili, mara mbili nikaanza upya. Nilikaa mbele ya kioo cha kompyuta natazama asilimia zinapanda moja moja. Niliomba dua ambazo sikuwa nimezisoma tangu nikiwa madrasa. Nuru aliingia mara tatu kuuliza, mara zote nikamwambia bado, na mara ya tatu nilimfokea.

Saa saba na nusu mistari ikatokea. Namba 5240, Mwanakombo Omari Saidi, aliyeandikishwa mwaka huu, mjamzito. Namba 3107, Mwanakombo Omari Saidi, amejifungua mwezi wa tatu, dawa za salfa ni hatari kwake, asipewe kamwe.

Nilicheka. Namwambia Mungu na wewe pia: nilicheka kwa furaha, kwa kuwa mama wa kwenye benchi alikuwa salama. Nikatoka kumwambia arudi nyumbani. Nikamuuliza, kwa uungwana tu, kama anamjua mwenzake wa jina lake.

"Somo yangu?" alisema. "Ni ndugu yangu, mama zetu tumbo moja. Wote tumelelewa na mjomba Omari, tunalala chumba kimoja mpaka leo. Anaumwa sana. Alipewa vidonge vitatu vya homa hapa hapa kwenu, siku ya tisa leo. Midomo imevimba, macho hayafunguki, ngozi inatoka kama ya aliyeungua na maji ya moto. Nyumbani wanasema surua. Nilitaka nimwulizie dawa, lakini dada pale ameniambia nikae nisubiri."

Alikuwa amekaa na maneno hayo kwa muda wa saa nne. Benchi lile na mlango wangu vilitenganishwa na hatua kumi. Nilikwenda kuiuliza tepu, na hakuna aliyemuuliza yeye, mimi wa kwanza.

Gari la wagonjwa lilikuwa Masasi. Nilimwambia Nuru abandike karatasi kwenye kila dirisha la dawa kwamba kompyuta isiaminiwe, kila mgonjwa aulizwe kwa mdomo. Nikachukua pikipiki ya chanjo, nikampakia Mwanakombo na tumbo lake nyuma, nikaendesha polepole kwa sababu yake, huku moyo unakimbia peke yake mbele. Barabara ya Kilambo ilikuwa mashimo matupu. Njiani aliniambia mtoto wa somo yake ni wa kike, ananyonya vizuri, ila siku mbili hizi anapewa uji mwepesi wa muhogo.

Tulipofika, saa kumi, wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka nje na wanawake ndani. Nilisikia kilio kimoja, halafu kimya. Mwanakombo aliteremka, akaviona viatu vilivyojaa mlangoni, akaketi chini kwenye mchanga. Somo yake alikuwa amekata roho baada ya sala ya adhuhuri. Wakati ule tepu ilikuwa inasoma.

Kama ningetoka saa tatu na nusu, angepona? Nimewauliza madaktari watatu kwa miaka yote hii. Wawili walisema haingewezekana. Mmoja alinyamaza.

Tulizika kabla ya magharibi. Nilitupa udongo wangu pamoja na wengine. Mzee Omari, mjomba wao, mtu mfupi mwenye mikono iliyoungua kwa mafuta ya maganda ya korosho, alinishika bega na kunishukuru. Alisema hajawahi kuona hospitali inakuja yenyewe kumtafuta mgonjwa kijijini. Akaagiza niletewe kikombe cha maji ya kunywa.

Ningeweza kuyanywa yale maji nikaondoka. Nilikishika kikombe mkononi, nikashindwa kunywa.

"Shikamoo tena, mjomba," nilisema. "Sikuja kwa wema. Mimi ndiye ninayetunza majina kwenye kompyuta. Niliona majina mawili yanafanana, nikayafanya mtu mmoja. Onyo la marehemu likapotea. Ndiyo maana alipewa dawa ile."

Mzee aliutazama uso wangu. Nilikuwa tayari kupigwa. Nadhani nilitaka kupigwa.

"Hao wanaotoka bara hawawezi kujua," alisema hatimaye, taratibu, na niliona anatafuta mlango wa kunitolea. "Wao kwao kila mtoto na jina lake. Akija mtu wa mbali akaona Mwanakombo wawili, atasema wamekosea kuandika. Mimi siwezi kumlaumu mtu wa mbali. Wewe kwenu wapi, mwanangu?"

Bwana Fredi hakuwapo. Hapakuwa na wa kumdanganya.

"Kitaya."

"Kitaya hii ya hapa? Mama yako nani?"

Nilimtaja mama yangu, na bibi aliyemzaa mama yangu.

"Namjua bibi yako," alisema. Akanyoosha mkono, akakichukua kile kikombe cha maji kutoka mkononi mwangu. "Basi wewe ulijua."