Mstari wa Njano Nyumbani kwa Lamduan

Siku ambayo Khamphan hakurudi na gari lake kutoka kiwandani, soko la mjini lilikosa barafu. Wauza samaki waliwamwagia samaki wao maji ya bomba na kutazama barabarani. Muuza kahawa ya baridi aliuza ya moto, akatukanwa. Lamduan, mkewe Khamphan, alikuwa kwenye meza yake ya saladi ya papai bichi, anatwanga pilipili na vitunguu saumu, na kila aliyepita alimuuliza yeye, kana kwamba barafu ameificha chini ya meza.

"Da' Lamduan, mumeo leo kalala wapi?"

"Kalala kwangu. Katoka hapa na wali wake wa kunata mfukoni."

"Basi kaoa njiani. Kaoa barafu yake."

"Mke mwenza wa hivyo simwogopi," Lamduan akasema. "Hafiki adhuhuri, atakuwa ameshayeyuka."

Watu walikuwa bado wanacheka pale Nuanchan, dadake Khamphan, alipoingia sokoni na pikipiki mpaka katikati ya meza. Alikuwa amevaa kandambili mbili za rangi tofauti. Hakuzima injini.

"Wifi, panda," akasema. "Kaka amegongana na gari, uso kwa uso. Pale kona ya punda milia."

Barabara ya kwenda mjini ina kona moja mbaya, na kwenye kona hiyo kuna kijumba cha mzimu wa mahali, ambapo watu huweka sanamu za punda milia wakiomba salama. Walipofika, punda milia walikuwa wamelowa. Vitalu vya barafu vilikuwa vimetawanyika upande wa kushoto wa barabara, upande wa kwenda mjini, uliokuwa upande wa Khamphan, pamoja na pumba za mpunga alizokuwa anafunikia. Ulikuwa mwezi wa Aprili. Nuanchan alikumbuka baadaye kwamba walisimama wakiitazama barafu ile ikipungua, na wala hawakufikiri kumwambia mtu aipige picha.

Polisi walipokuja na utepe wao wa kupimia, barafu ilikuwa maji, na magari yalikwisha kuvutwa pembeni ili malori yapite. Afande Thawin, mpelelezi, alipulizia rangi nyeupe mahali alipoambiwa magurudumu yalikuwa. Aliyemwambia ni Kittiphop, kijana mwenye pikapu nyekundu, mpwa wa mkuu wa kata. Alikaa kivulini na bendeji kwenye paji la uso, na ndiye pekee aliyeweza kusema. Alama nyeupe zikaangukia upande wa kulia. Kwenye mchoro, Khamphan alikuwa ameuvuka mstari wa njano na kumfuata mwenzake upande wake.

Kittiphop alikuja msibani. Alidhamini usiku mmoja wa sala, akaleta shada, akapiga magoti mbele ya picha ya Khamphan na kulia sana. Lamduan alimpa maji ya kunywa. Alingoja kijana aseme neno, na kijana alisema kwamba ajali haina mwenyewe.

Mwili ulipokwisha kuchomwa hekaluni, walienda kumfuata Khamphan mwenyewe. Aliyefia barabarani hajui njia ya kurudi, lazima aitwe palepale alipoangukia. Alikuja mtawa na uzi mweupe. Lamduan alishika shati la mumewe, na Nuanchan alishika wavu wa kuchotea kamba wadogo kwenye mashamba ya mpunga, na ndani yake yai la kuchemsha na donge la wali. Walisimama juu ya rangi nyeupe, kwa kuwa hapo ndipo serikali iliposema. Nuanchan alichota hewa taratibu, kama mtu asiyetaka kuchafua maji.

"Khamphan, njoo twende nyumbani," Lamduan akaita. "Usikae hapa, jua kali."

Wavu ulitoka mwepesi. Kitu pekee kilichonaswa ni ncha ya mstari wa njano wa katikati ya barabara, kama majani ya bwawani yanavyonasa. Nuanchan alikung'uta, haukutoka.

"Kama unataka kuja, uje," mtawa akasema, akapanda gari.

Kila walipofika darajani Lamduan alimwambia mumewe kwamba hapa ni darajani, tunavuka. Kila kona alimwambia kona. Nyuma ya gari mstari ulikuja ukiburuzika kwa sauti ndogo, na kule kwenye kona barabara ikabaki lami tupu.

Ulipofika uliingia kwa mlango wa mbele, ukapita sebuleni, ukapita jikoni, ukaishia nyuma kwenye uzio wa kuku. Ulikuwa na lami kidogo kila upande, upana wa kiganja. Wageni walioingia walipita kushoto kwake bila kuambiwa, na waliotoka nao walishika kushoto kwao, kwa hiyo hakuna aliyepigana kikumbo. Jirani mmoja alisema nyumba ya Lamduan sasa ina mpangilio kuliko soko.

Lakini Khamphan hakuwemo. Wali aliowekewa jioni ulikutwa asubuhi haujaguswa, wala kikohozi chake hakikusikika. Kilichokuja na mstari ni fadhaa ya barabara. Malori mawili yalipopishana kule konani, pazia la sebuleni lilivutwa huku kisha kule, na vikombe kabatini vikatetemeka. Lamduan hakukaa. Alifagia, akarudia kufagia. Aliweka maji ya wali jikoni, akajikuta yuko kituo cha polisi na ufito wa kuchochea moto mkononi.

"Mama, tia sahihi hapa, uende ukapumzike," Afande Thawin alimwambia. Hakuwa mtu mkali. Alimvutia kiti, akamwelekezea feni.

"Hapo pameandikwa nini?"

"Kwamba unakubali marehemu ndiye aliyehama upande."

"Hakuhama."

"Mama yangu, sikiliza. Marehemu hafungwi. Hapotezi leseni, hapotezi kazi. Yule kijana ana maisha mbele yake. Kosa likikaa kwa marehemu, halimuumizi mtu."

"Linamuumiza yeye," Lamduan akasema.

"Yeye yuko wapi?"

"Ndilo ninalokuuliza."

Ofisi ya msaada wa kisheria ya mkoa ilimpa wakili, msichana anayeitwa Orathai, aliyekuja kwa basi na viatu vyenye vumbi. Alivivua mlangoni, akauona mstari, akachuchumaa. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka Nuanchan akamletea kigoda.

"Nani ameutazama huu kwa karibu?" akauliza.

"Tunaupiga deki tu," Nuanchan akasema. "Unashika vumbi huo."

"Msiupige deki tena."

Karibu na kabati la vikombe, upande wa kushoto wa mstari ukiingia, lami ilikuwa imechimbwa kwa chuma, shimo la kuingia kidole. Ndani ya shimo kulikuwa na chembe za rangi nyekundu, na pembeni yake pumba za mpunga zilikuwa zimegandia kwenye lami iliyoyeyuka kwa joto. Upande wa kulia hapakuwa na kitu. Ulikuwa safi kama siku ulipomwagwa.

"Magari yaligongana hapa," Orathai akasema, kidole chake kikiwa shimoni. "Upande wa mumeo. Yule mwingine ndiye aliyevuka."

"Mimi nilijua," Lamduan akasema.

"Najua ulijua, mama. Sasa inabidi na afande ajue."

Afande Thawin alikuja siku ya pili na utepe wake. Aliingia kwa kushoto. Alipima shimo, akapima upana wa lami, akaikwangua rangi nyekundu kwa ukucha na kuinusa. Alikunywa maji aliyopewa. Kisha akakunja mchoro wake na kuurudisha mfukoni.

"Mstari ni wenyewe," akasema. "Sibishi. Ila hauko mahali pake."

"Ulikuja wenyewe, afande," Orathai akasema.

"Hata shahidi akija mwenyewe, tunauliza katoka wapi. Hapa nyumbani, mstari huu unaonyesha ajali imetokea karibu na kabati la vikombe. Niandike hivyo? Mkubwa wangu atanipeleka mpakani nikahesabu nyati."

"Andika ulichokiona."

"Nilichokiona barabarani nilikwisha kukiandika, wakili. Ukianza kufuta mchoro mmoja, kesho watakuja na yote."

Akamuaga Lamduan kwa viganja viwili vilivyounganishwa, akatoka kwa kushoto.

Orathai aliandika kwa mwendesha mashtaka, akapeleka na picha za shimo. Jibu lilikuja fupi. Mwenye kosa ni marehemu, na marehemu hashtakiwi, kwa hiyo jalada limefungwa. Sahihi ya Lamduan, ambayo hakuwahi kuitoa, ilionekana haihitajiki. Orathai alilisoma jibu akiwa amesimama, kisha akalisoma tena akiwa ameketi.

"Tunaweza kufungua madai sisi wenyewe," akasema. "Lakini kila hakimu ataanzia kwenye mchoro ule. Na mkiuliza mstari ulipokuwa, watatuma mtu akatazame barabarani."

"Akatazame nini? Mstari si uko hapa?" Nuanchan akauliza.

"Wamepiga mwingine. Nimepita asubuhi, rangi haijakauka."

Watu wa barabara walikuwa wamekuta kona haina mstari, na kwa kuwa hawakujua wa zamani ulipita wapi, waliomba mchoro wa polisi. Waliupiga kufuata mchoro. Ili alama za magurudumu zikae kama zilivyoandikwa, na mahali magari yalipogongana paangukie upande wa Kittiphop, mstari mpya ulisogezwa hatua nzima kuelekea kushoto. Upande wa kwenda mjini sasa ni mwembamba, na upande wa kurudi unatosha lori na nusu.

Pazia lilivutwa huku, likavutwa kule. Vikombe vikalia. Nuanchan alilitazama lile shimo karibu na kabati, akamtazama wifi yake.

"Tulisimama wapi siku ile?" akauliza.

"Kwenye rangi nyeupe."

"Upande wa yule kijana."

"Ndiyo."

"Basi wifi, sisi tulimwita kaka kutoka mahali asipokuwapo. Tumesimama kwenye uongo, tunamwambia njoo. Wewe ungeitika? Kaka na ukaidi wake ule?"

Lamduan alichukua shati. Nuanchan alichukua wavu. Hawakumwita mtawa safari hii. Orathai aliulizwa kama kuna sheria inayokataza, akasema anaijua moja au mbili, akapanda nao.

Mahali penyewe palikuwa pamebaki ng'ambo ya pili ya mstari mpya, palipoelekezwa magari ya kurudi. Orathai alisimama mbele na faili lake akilipunga hewani, na malori yakapunguza mwendo, madereva wakimuuliza kama amechoka kuishi. Lamduan alipiga magoti juu ya lami. Hakuita kwa sauti kubwa.

"Khamphan, niko upande wako," akasema. "Ni huku huku ulikokuwa. Najua hukutoka."

Nuanchan alichota. Wavu ulizama kama umeingia majini, mpini wake ukapinda, ikabidi wasaidiane wawili. Ulipotoka ulikuwa baridi na unadondosha maji, na uliendelea kudondosha mpaka kwenye gari, na kila daraja walilovuka walimwambia ni daraja. Nuanchan alilalamika kwamba amelowa mapaja. Alisema kaka hata akija lazima asumbue.

Hivyo ndivyo Khamphan alivyorudi. Jaladani bado ameandikwa kwamba aliuvuka mstari, na Kittiphop amenunua pikapu nyingine, nyeupe. Mwaka mpya humpelekea Lamduan kikapu cha matunda, na Lamduan humrudishia kikapu.

Khamphan hukaa sebuleni kuanzia jioni, kwenye mkeka, kushoto kwa mstari. Hula wali wake na kukohoa. Mkeka hulowa, na Lamduan huuanika asubuhi. Malori yanapopishana kule konani hunyanyua kichwa, husikiliza mpaka yameachana, kisha huendelea kula. Kitanda kilikuwa kulia, Lamduan amekihamishia kushoto. Redio nayo ameihamisha. Mtungi wa maji haukuhamishika kwa sababu ni mzito na umejengewa. Khamphan akishikwa na kiu huenda hadi ukingoni mwa mstari, husimama na kungoja, na Lamduan humpitishia kata ya maji kwa juu.