Moto Iko?

Kigae kiligonga mwimo wa mlango mara tatu, ko, ko, ko, kabla muadhini hajasafisha koo. Fatumah alikuwa macho. Tangu jogoo la kwanza alikuwa amelala chali, mikono juu ya blanketi, akiusubiri mlio huo.

"Mama Nasuru, moto iko?"

"Iko."

Aliteremsha miguu polepole, wa kushoto kwanza kwa sababu ndio wenye goti kaidi, akalisugua kwa kiganja mpaka likakubali kukunjuka. Alijifunga leso, akajivuta hadi jikoni, akafungua mlango, kisha akachuchumaa kwa shida na kufukua majivu kwa kijiti. Chini yake makaa matatu makubwa yalikuwa bado mekundu, yamelala salama kama mayai.

Jirani yake Keji aliingia akiwa amejitanda kitenge mabegani. Mkononi alishika kigae chake, kipande cha chungu kilichovunjika zamani, kimeungua hadi kuwa cheusi tii. Ukungu uliingia pamoja naye. Ilikuwa Agosti, na mwezi huo mji wa Koboko huamka umejifunika gubigubi.

"Baridi hii inang'oa meno," alisema Keji. "Mimi nimebakiwa na manne, na leo nayaogopea."

Fatumah alicheka kwa sauti ya chini, maana nyuma ya pazia, katika chumba cha mbele, mwanawe Nasuru alikuwa amelala. Alifika jana jioni kutoka Juba, akipitia Arua, na hata kabla hajanawa miguu alisema, "Kesho tunarudi, mama. Gari la kutufikisha Arua litakuja saa tatu. Basi la Juba linaondoka mchana."

Tunarudi. Neno hilo Fatumah alikuwa amelirudia moyoni tangu jogoo la kwanza.

"Umemwambia?" Keji alinong'ona.

"Bado."

"Unangoja mfike mpakani?"

"Nitamwambia."

"Mama Nasuru, wewe ulimfukuza askari kwa mwiko kule ukimbizini. Leo unamwogopa mtoto uliyemnyonyesha?"

"Yule askari hakuwahi kunibeba mgongoni," alisema Fatumah.

Na huo ndio uliokuwa ugumu wenyewe. Miaka mitatu iliyopita, katika majira kama haya, magoti yake yalikataa kabisa. Nasuru aliacha duka lake la matairi, akasafiri siku mbili, akamchukua mama yake mpaka Arua, na kutoka kwenye gari hadi kwa daktari akambeba mgongoni mbele ya watu, yeye mwanamume wa miaka arobaini mwenye shati la kupiga pasi. Daktari alisema baridi na unyevu havimfai mama huyu. Kama ana ndugu mahali pa joto, akakae huko. Nasuru aliyapokea maneno hayo kama amri. Alimjengea mama yake chumba Juba, akakiinua kitanda chake kwa matofali ili asipate taabu ya kuinama. Mkewe, Shamirah, hakuacha hata jioni moja kumletea mkwewe maji ya kuoga.

Na magoti yalipona. Ukweli lazima usemwe. Juba Fatumah alitembea kama msichana anayekwenda ngomani. Wala lugha haikumtenga, kwa kuwa Kinubi cha kwao na Kiarabu cha Juba hutaniana lakini huelewana. Ndiyo sababu Nasuru hakuelewa kitu. Mama yake alikuja Koboko mwezi wa Juni kwa arusi ya mjukuu wa dada yake, akasema wiki mbili. Ziliisha. Kwenye simu mama akasema mvua imeharibu njia. Kisha akasema ana mafua. Kisha kuna msiba mtaani. Kila neno lilikuwa na ukweli kidogo ndani yake, kama chai ya majani machache.

Pazia lilisogezwa. Nasuru alitokea amevaa sweta, macho bado yana usingizi. Alimwona mama yake amechuchumaa penye moshi, na Keji anachagua kaa. Uso wake uliingia huruma. Alirudi chumbani, akasikika akipekua mfuko, akaja na pakiti nzima ya viberiti aliyonunua Arua. Akamkabidhi Keji kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa.

"Mama Duku, habari ya kuamka. Chukua hivi. Mama akiondoka usipate shida ya moto. Na siku nyingine usiwe unatoka kwenye baridi hii kwa ajili ya kaa moja, wewe pia ni mtu mzima."

Keji aliitazama ile pakiti. Akakiweka kigae chini taratibu. Kisha akafungua fundo kwenye pindo la kitenge chake, akatoa kiberiti, akakitikisa karibu na sikio la Nasuru. Njiti zikalia ndani.

"Mwanangu, kiberiti iko," alisema kwa Kiswahili cha hapo hapo Koboko. "Jiko ya gesi pia iko. Duku alininunulia Krismasi. Iko kwa kona, kuku inataga juu yake."

Fatumah aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Nasuru alibaki na mikono hewani.

"Sasa mama, kila siku unaomba moto ya nini?"

Keji alimtazama Fatumah kwanza, kama mtu anayebisha hodi. Fatumah hakutikisa kichwa kumkataza.

"Mimi haombi moto," alisema Keji. "Mimi nauliza kama mama yako iko."

Huko msikitini adhana ilianza. Walinyamaza wote watatu mpaka ikaisha, Keji naye, ambaye Jumapili huimba kwaya.

"Tulipotoka ukimbizini," aliendelea, "tulikuwa wajane wawili na kiberiti kimoja. Mvua ikakilowesha usiku wa kwanza. Tukasema, basi tutunze moto mmoja. Wiki hii kwake, wiki ijayo kwangu, na asiye na zamu ndiye anayekuja kugonga. Viberiti vikajaa madukani, sisi tukaendelea. Siku ile magoti yalipomkataa, nani alikupigia simu?"

"Ni wewe, mama."

"Nilijuaje? Niligonga. Nikauliza moto iko. Kimya. Nikauliza tena. Kimya. Nikavunja dirisha, hili hapa, ndiyo maana kioo chake hakifanani na vingine."

Nasuru aliligeukia lile dirisha kana kwamba hakuwahi kuliona.

"Na miaka yote hii alipokuwa kwangu?"

"Nilikuwa nawasha kiberiti," alisema Keji.

Aliinama, akachukua kaa moja, akalifunika na majivu kidogo kwenye kigae, akatoka. Siku nyingine angekaa wanywe chai, lakini leo ingeweza kusubiri. Alikuwa anawapa nafasi, na Fatumah alilitambua hilo, akamwombea kimoyomoyo.

Sasa walikuwa wawili. Fatumah alipanga makaa upya, ingawa yalikuwa yamepangika.

"Baba," alimwita mwanawe, kama alivyomwita tangu utotoni, "unakumbuka kule Juba, siku mliponikuta kiwiko kimevimba?"

"Ulisema uligonga mlango."

"Niliteleza bafuni. Mlikuwa mmeshatoka, wewe na Shamirah dukani, watoto shuleni. Nililala pale sakafuni mpaka karibu na adhuhuri. Simu ilikuwa kitandani. Niliita, lakini kwenye joto lile kila mtu yuko ndani na feni yake inavuma. Majirani si wabaya. Yule mama wa upande wa kisima aliniletea maembe wiki nzima bila kuambiwa kuwa naumwa. Hawakunisikia tu. Nami pale chini nilijikuta nasikiliza kigae. Nilijua kiko mbali, nilijua, lakini sikio halikukubali."

Nasuru alikaa kwenye kigoda. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, lakini kigoda kile cha jikoni kilimfanya kuwa mdogo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefunga duka ukae kunilinda. Nakujua."

"Nilikujengea chumba, mama."

"Ulinijengea, na nililala vizuri humo. Mungu akulipe kwa kila tofali. Shamirah sijui nitamlipa nini. Lakini goti likipona, na asubuhi hakuna anayeuliza kama upo, hilo goti linakupeleka wapi?"

Nasuru alichukua kijiti, akachokoa majivu. Fatumah alimwacha. Mtoto huyu tangu zamani hulimeza jambo polepole, kama dawa chungu, ukimharakisha hulitema.

"Na baridi?" aliuliza mwishowe.

"Baridi inauma. Leo sitakudanganya tena. Lakini inauma nikiwa na mtu wa kumwambia inauma."

Nasuru aliinuka akatoka nje. Fatumah aliogopa kwamba amekasirika. Baadaye alisikia kitu kizito kinaburutwa uani. Nasuru alirudi na matofali mawili, akatoka tena, akarudi na mengine mawili. Aliinua kitanda cha mama yake mguu mmoja mmoja, akapanga matofali chini yake, akakitikisa kuhakikisha hakiyumbi. Aliziba nafasi iliyokuwa chini ya mlango kwa gunia alilolikunja vizuri. Kisha akavua sweta lake, akaliweka juu ya mto. Fatumah aliketi akimtazama, macho yakimwuma, akisingizia moshi.

Saa tatu gari lilipiga honi. Nasuru alitoka na mfuko wake mmoja. Dereva alichungulia nyuma yake.

"Bosi, uliagiza viti viwili. Mama iko wapi?"

"Mama iko kwake," alisema Nasuru.

Keji alikuwa amefika na chupa ya chai na mihogo ya kuchemsha iliyofungwa kwenye jani la mgomba. Aliviweka mapajani mwa Nasuru kupitia dirisha la gari, akamwambia ale kabla hajafika Arua, maana akifika huko wapiga debe hawatampa nafasi ya kutafuna. Akamwambia pia kuwa Jumatatu zamu ya moto inahamia kwake, na mama yake ndiye atakayekuja kugonga, kwa hiyo magoti yatake yasitake yatafanya mazoezi.

Nasuru alicheka, kwa mara ya kwanza tangu alipofika. Gari lilianza kusogea. Alimgonga dereva begani, likasimama. Akatoa kichwa dirishani, akamtazama mama yake aliyesimama mlangoni.

"Mama," alisema, "Januari, vumbi likizidi huku, uje ututembelee. Hata wiki mbili tu. Na kigae cha Mama Duku, uje nacho, huko nitagonga mimi."