Nyota Iliyopaswa Kutulia

Watu walimwita Redio, na hawakumsingizia. Kijana yule aliweza kusema tangu mlango wa jumba la nyota unapofunguliwa mpaka mfagiaji anapomwomba anyanyue miguu. Ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alikaa gizani na kipaza sauti, chini ya kuba jeupe, akiwasimulia wanafunzi waliojilaza kwenye viti yale yanayopita juu ya vichwa vyao. Mashine ya kuangaza nyota hakuigusa yeye. Ile ilikuwa mikononi mwa mama yake mdogo, ambaye kazini kila mtu alimwita Fundi. Ndiye aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki, akamsomesha, kisha akamwombea kazi kwa Mkurugenzi akisema, "Mchukue tu, nyumbani anaongea bure."

Mashine yenyewe ilikuwa mpira mkubwa wa chuma, umejaa vimirija pande zote. Kila kimrija kilikuwa na kioo chake, na kila kioo kilitupa kipande chake cha mbingu kwenye kuba. Fundi aliifuta vumbi kwa brashi laini, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso. Sheria yake ilikuwa moja, na aliitaja hata kwa wasiouliza: ngazi haiingii chumba kile kabla mashine haijateremshwa kwenye shimo lake na kufunikwa.

Katika mbingu yote ile, nyota alizozipenda Fundi zilikuwa za ajabu. Wageni hutaka kuona nyota kubwa kubwa, zile za kuonyeshana vidole. Yeye alipenda Thumni, kundinyota la kusini kabisa lililopewa jina la chombo walichopimia mabaharia wa zamani. Ni kundinyota hafifu hata ukilitafuta unaweza kulipita. Nyota yake angavu kuliko zote, Nu, haina mwanga wa kumtisha mtu. Beta na Delta zimezidiwa hata na hiyo, na zote tatu zinachora pembetatu ambayo lazima uambiwe ndipo uione. Halafu ipo Sigma, ambayo ni hafifu zaidi, ila imekaa karibu kabisa na ncha, pale ambapo mbingu yote ya kusini inapazunguka.

"Wenzetu wa kaskazini wamepewa nyota ya ncha ya kuonekana," Redio alipenda kuwaambia wanafunzi. "Sisi tumepewa ya kukisia!" Wanafunzi walicheka, na Fundi naye alicheka kule kwenye swichi zake. Lakini kila asubuhi, kabla mgeni hajaingia, alizungusha mbingu haraka haraka na kuitazama Sigma kwanza. Zote zikikimbia, ile inapaswa kutulia. Ikitembea, mashine inaumwa.

Sasa, siku ya Jumatatu jumba lilikuwa likifungwa, na Jumatatu moja Redio alikuja na bango. Bango hilo lilikuwa na picha ya nani? Ya kwake mwenyewe, meno yote nje, kipaza sauti mkononi. Alitaka kulitundika kwenye ukuta wa chumba kile cha mashine, Fundi akiwa ametoka kwenda kula, ili akirudi alikute na asiweze kulikataa. Kuiteremsha mashine kungemchukua muda. Akaona, ah, ngazi yenyewe nyepesi, napita nayo pembeni tu. Akapita. Ncha ya ngazi ikagonga chuma, ko, mlio mdogo usiomwamsha hata paka. Akatazama huku na huku, akachungulia, hakuona mkwaruzo. Akatundika sura yake akashuka, na Fundi aliporudi alilicheka tu bango, asiulize ngazi ilipitaje.

Kesho yake asubuhi Fundi alimwita kabla hata hajanywa chai.

"Redio, hebu njoo ukae hapa. Itazame Sigma."

Redio akakaa. Mbingu ikazunguka. Na pale kwenye ncha, pembeni kidogo ya mahali pake, nukta ile hafifu ilikuwa ikizunguka kiduara chake, kama mbuzi aliyefungwa kigingini. Redio akaikumbuka ngazi. Mkurugenzi alikwisha kusema mbele ya wote: vipuri vya mashine hii havitengenezwi tena, na atakayeiharibu akusanye vitu vyake aende kwao.

"Imetulia, au inatembea?" Fundi akauliza. "Naiona kama inatembea."

"Imetulia, mama."

"Kabisa?"

"Kabisa. Kama maji mtungini."

Fundi akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena. Redio akatoka nje akiwa na furaha ya mwizi aliyepishana na polisi, na furaha hiyo haikufika hata jioni.

Maana alidhani amedanganya kuhusu nyota, kumbe amedanganya kuhusu macho ya mtu. Fundi hakuwa mtu wa kubishana na mwanawe. Kama kijana mwenye macho ya ujana amesema imetulia, basi imetulia, na mwenye kasoro ni yeye. Nyumbani akaanza kumpa Redio sindano amtungie uzi. Akawa anamwomba amsomee maandishi ya chupa ya dawa, yeye aliyekuwa akisoma herufi za chini kabisa kwenye makaratasi ya vipuri. Jioni moja Redio alimkuta anashuka ngazi za nyumba ameshika ukuta, anapapasa kwa unyayo kabla ya kukanyaga. Ngazi hizo hizo alizozipanda na kuzishuka miaka yote akiwa na ndoo kichwani.

Redio akaona haya. Usiku ule mezani alifungua kinywa.

"Mama."

"Ee, baba."

"Ile... ile nyota."

"Achana na nyota, kula. Umekonda wewe." Akamsogezea bakuli. "Ningekuwa sina wewe sijui ningemuuliza nani."

Basi tena. Kijana aliyeweza kusimulia mbingu nzima bila kupumua akashindwa kusema maneno matatu, nimeigonga mimi mama. Akala alichosogezewa, na kila tonge lilimsuta.

Akakata shauri kuitengeneza kwa siri. Watu wakaenda kula, yeye akaingia na koleo. Kile kimrija cha kusini alikitambua, kilikuwa kimepinda kidogo tu. Akakibana, akakivuta. Kikapinda upande wa pili, zaidi ya mwanzo. Akajaribu kukirudisha, na alipoiwasha mashine akaona kiduara cha Sigma kimekuwa kipana. Mficha uchi hazai, wanasema wazee. Huyu aliuficha mpaka ukawa mkubwa kuliko nguo.

Akaapa kwamba siku ile ile angesema, iwe iwavyo. Akarudi ofisini, akaambiwa Mkurugenzi anamwita.

"Kaa," Mkurugenzi akasema, kwa upole uliomtisha. "Mama yako alikuwa hapa. Amejitoa mwenyewe. Anasema macho yamemtupa mkono, na hataki siku moja aharibu mashine akawatia watu hasara. Nimembembeleza, hataki. Amesema nikupe wewe mashine." Akatabasamu. "Anasema wewe ndiye macho yake."

Redio akasema asante. Hilo ndilo neno lililomtoka, asante, na alilichukia tangu lilipokuwa bado mdomoni.

Onyesho la kumuaga Fundi lilifanywa asubuhi, mbele ya darasa la watoto wadogo. Kwa mara ya kwanza Fundi alikaa kwenye viti vya wageni, mstari wa mbele, mkoba mapajani, na kabla ya kukaa alimkabidhi Redio brashi yake laini. Redio alipanga kuiruka Thumni. Nani angeiulizia? Akazisifia nyota kubwa mpaka zikaisha, akawa anatafuta pa kumalizia, ndipo sauti ya Fundi ikatoka gizani.

"Zungusha kusini, mwanangu. Niiage."

Akazungusha. Angefanya nini?

"Hii hapa, hafifu, ni Sigma ya Thumni," akasema kwenye kipaza sauti. "Nyota nyingine zote zinazunguka. Hii... hii hutulia."

"Mbona haijatulia?" Kilikuwa kisauti cha msichana, karibu na Fundi. "Inazunguka!"

"Shh," mwalimu wao akasema.

"Inazunguka kweli, mwalimu! Ile pale!"

"Hata mimi naiona," mwingine akadakia, kisha wa tatu, na viti vikaanza kulia kwa watoto kuinuka.

"Nani amesema inazunguka?" Fundi akauliza.

"Mimi, bibi."

"Inakwendaje, mjukuu wangu?"

"Inapanda hivi, halafu inashuka, halafu inarudi pale pale."

"Inarudi pale pale," Fundi akasema.

Redio alikuwa na kipaza sauti mdomoni, na jumba zima likasikia akipumua.

Watoto walipotoka, taa zikawaka. Fundi alisimama kwenye mashine, akipitisha vidole juu ya vimirija bila kuviangalia. Vikasimama upande wa kusini.

"Hii ni ngazi," akasema. Akasogeza kidole kidogo. "Na haya ni meno ya koleo."

"Mama, nisamehe."

"Lini?"

"Ile Jumatatu. Ya bango."

"Kabla sijakuuliza."

"Kabla." Machozi yakamtoka Redio. "Namwendea Mkurugenzi sasa hivi. Namwambia kila kitu, anifukuze tu, wewe urudi. Mama, niliogopa. Niliogopa, basi."

"Utamwambia, ndiyo," Fundi akasema. Akanyoosha mkono, na Redio akamrudishia brashi. Akainama, akaanza kukifuta kile kimrija kilichopinda, taratibu, kama vile hakuna kilichotokea, na alipoanza kusema alikuwa bado amekiinamia.

"Unajua nilikwenda kwa daktari wa macho? Sikukuambia. Akanipima na vioo vyake vyote, akaniambia, mama, macho yako mazima. Nikatoka pale namsikitikia, msomi mzima hajui kazi yake. Nikasema, huyu ameniona leo tu, angejuaje? Mimi nina mwanangu, alikwisha kunitazamia."